Geto la Marekani lilichorwa kwenye ramani, tuache hadithi za uvivu

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Kila zikitokea vurugu kwenye mji fulani wa Marekani, iwe polisi kaua mtu au maduka yamevunjwa, wasomaji wenzangu wanaandika yaleyale, eti weusi wa kule wana kila kitu, shule za bure wanazo, misaada ya serikali wanayo, hadi urais wameshika, sasa kwa nini bado wamejazana kwenye geto, yaani mitaa ya majengo mabovu na milio ya risasi? Na jibu wanalo tayari: uvivu, madawa, kuzaa hovyo, kutopenda shule. Wengine wanaosema hivi ni wasomi kabisa na nawaheshimu, ila kwa hili jamani wanapotosha.

Umaskini wa ile mitaa una miaka yake, una sheria zake na una makaratasi yaliyojazwa ofisini na watu waliovaa tai. Nitaongelea upande wa nyumba tu maana kule nyumba ndo kila kitu, familia ya kawaida mali yake kubwa ni nyumba, ndo wanaikopea kumsomesha mtoto chuo, ndo wanaachiana urithi.

Mwaka 1933, uchumi umeanguka na mabenki yanawanyang'anya watu nyumba, serikali ya Rais Roosevelt iliunda shirika la kuokoa wenye mikopo, linaitwa HOLC. Baadaye shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200 kuonyesha wapi ni salama kukopesha. Kijani mtaa mzuri, bluu unafuata, njano unashuka, nyekundu hatari. Kila mtaa ulijaziwa fomu, na humo, pamoja na hali ya majengo, kazi za watu na vipato vyao, kulikuwa na sehemu ya weusi, wapo au hawapo, asilimia ngapi, alafu kuna mstari unauliza ni watu gani wanaopenyeza kuingia mtaani. Kupenyeza, kama vile ni mchwa! Mtaa ukiwa wa weusi karibu kila mara ulipakwa nyekundu hata kama wenyewe ni watu wenye kazi zao na nyumba wanazitunza.

Mwaka 1934 ikaja FHA, shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, na hii ndo iliyoumiza zaidi kwa maoni yangu. Zamani kukopa nyumba Marekani ilikuwa shughuli, unatoa taslimu karibu nusu ya bei na deni unalimaliza ndani ya miaka michache, kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani mara nyingi alikuwa mpangaji mpaka anazeeka. FHA ikaiambia benki, wewe kopesha, akishindwa kulipa sisi tutakufidia. Benki zikalegea, mtu anatanguliza kidogo, anarejesha taratibu kwa miaka 20 hadi 30, ikafika mahali rejesho la mwezi halitofautiani sana na kodi ya kupanga. Mzungu wa kawaida tu, fundi, dereva, karani, akawa mwenye nyumba. Ila mwongozo wa FHA wenyewe ulionya kuhusu kuchanganya rangi mtaani na ukapendekeza hati za nyumba ziwe na masharti ya kuzuia watu wa rangi nyingine wasiishi hapo. Kwa hiyo mweusi mwenye kazi ileile na mshahara uleule anaambiwa dhamana hakuna, na bila dhamana benki haikupi hata salamu.

Anayeona natia chumvi aende Detroit. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za wazungu jirani na mtaa wa weusi, FHA ikasita kudhamini kwa sababu weusi wako karibu mno. Akafanyaje? Akajenga ukuta wa zege kama mita 800 hivi kwa urefu, kwenda juu ni kimo cha mtu mzima, unapita nyuma ya nyumba za watu. Dhamana ikatoka. Ukuta upo mpaka leo, sehemu moja umechorwa picha za rangi na pembeni yake kuna uwanja wa kuchezea watoto.

Sasa mweusi aliyetaka nyumba kwa udi na uvumba alikwenda wapi? Kwa dalali. Chukua Chicago, mtaa wa North Lawndale, miaka ya 50 na 60. Dalali anapita kwa wazungu anawatisha, weusi wanakuja, bei itaporomoka, uza haraka. Anainunua nyumba kwa bei ya kutupa, anamuuzia mweusi kwa bei hata mara mbili, na mkataba wenyewe ni wa ajabu, unatanguliza hela, unalipa kila mwezi, matengenezo juu yako, kodi ya jengo juu yako, lakini hati inabaki kwa dalali mpaka utoe senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja anaweza kukutoa na ulicholipa chote kimekwenda na maji, kesho anamuuzia mwingine nyumba ileile kwa masharti yaleyale. Hapo unakuta baba na mama wote wanapiga shifti mbili, vyumba vimepangishwa kwa wengine ili rejesho litimie, nyumba imejaa kupita kiasi, paa linavuja na hela ya kuziba haipo, na mpita njia akitazama anasema mnaona weusi wanavyoharibu mitaa! Martin Luther King alihamia hukohuko North Lawndale mwaka 1966, akapanga chumba kwenye jengo bovu makusudi watu waone, na alipoandamana kudai haki ya makazi kwenye mitaa ya wazungu alipigwa jiwe kichwani. Hiyo ni Chicago, kaskazini, sio Mississippi kule kusini kulikojulikana kwa ubaguzi. Wale wenye mikataba ya madalali waliungana mwaka 1968, wakagoma kulipa, na mamia wakafanikiwa kupata masharti mapya, lakini miaka waliyokamuliwa ilishapita.

Kuna mjuaji ataniambia mbona kwenye hayo maeneo mekundu ya HOLC walikuwepo wazungu pia. Kweli kabisa, tena kwa hesabu walikuwa wengi kuliko weusi, Waitaliano, Wayahudi, wahamiaji maskini wa kila aina. Ila hao mlango wa kutokea walikuwa nao. Levittown, mtaa mpya wa nyumba pale New York, ilianza kujengwa 1947, nyumba zaidi ya 17,000, mwaka 1949 zinauzwa dola 7,990, na mikataba ya mwanzo ilikataza kabisa asiye mzungu kuishi humo. Mtoto wa Mtaliano maskini karudi kutoka Vita Kuu ya Pili anapata mkopo wenye dhamana ya serikali anahamia. Mweusi naye karudi kutoka vita hiyohiyo, na sheria ya 1944 ya kuwasaidia wanajeshi haikusema wazungu tu, lakini mkopo unatolewa na benki ya mjini kwao. Mississippi mwaka 1947 uchunguzi katika miji kadhaa ulikuta mikopo zaidi ya 3,000 imetolewa chini ya sheria hiyo na waliopata weusi ni 2. Wawili!

Barabara kuu nisizisahau, maana baada ya sheria ya 1956 zilipitishwa katikati ya mitaa yao, Black Bottom kule Detroit, Overtown Miami, Rondo kule St. Paul, maduka na makanisa yakavunjwa, na hata pale palipokuwa na weusi waliojijenga wenyewe napo pakafutwa.

Aprili 1968, siku 7 tu baada ya King kuuawa, ikasainiwa sheria ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba. Watu wengi hapo wanafunga kitabu, wanasema basi yameisha, zaidi ya miaka 50 imepita. Jamani, sheria ilifungua mlango ila haikurudisha hela. Ile nyumba ya dola 7,990 leo inauzwa mamia ya maelfu ya dola, na aliyeinunua keshaikopea kumsomesha mtoto, keshaiuza, wajukuu wanatanguliza hela ya nyumba zao kutoka humo. Aliyenyimwa alilipa kodi kwa mwenye nyumba miaka yote hiyo na hana cha kumwachia mtu. Takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinasema familia ya kizungu ya katikati, yaani ukizipanga zote kwa mali ile inayoangukia katikati kabisa, ina mali ya dola 285,000, ya weusi kama dola 44,900. Pengo hilo huwezi kulieleza kwa mishahara peke yake.

Na mtaa nao unaendelea kukamua. Shule za kule sehemu kubwa ya fedha inatokana na kodi ya majengo, nyumba za bei ndogo zinaleta shule yenye hela ndogo, na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1973, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa kuona kosa la kikatiba hapo, kwenye kesi ya wazazi wa San Antonio ambao wengi walikuwa wa asili ya Mexico. Hata joto linabagua, utafiti wa 2020 uliangalia miji 108 ukakuta karibu yote, asilimia 94, ile mitaa iliyopakwa nyekundu ina joto zaidi kuliko jirani zake, miti michache, lami nyingi. Mabenki nayo yalipokuja kukumbuka mitaa hii, kabla ya mdororo wa 2008, yalileta mikopo ya riba kubwa, na kampuni moja ya mikopo, Countrywide, mwaka 2011 ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa madai kwamba wakopaji weusi na Walatino zaidi ya 200,000 walitozwa zaidi au walisukumiwa mikopo mibaya kuliko wazungu wenye sifa zilezile za kukopesheka.

Sikatai kwamba kuna vijana wanaouza madawa na wanauana, kulikana hilo ni kujidanganya na wanaoumia wa kwanza ni majirani zao. Wala sikatai kwamba wazungu maskini wapo, tena mamilioni. Tofauti ni kwamba mzungu maskini mara nyingi anaishi mtaa wenye mchanganyiko, jirani yake ana kazi, shule ya mtoto wake ina watoto wa walionacho, wakati umaskini wa weusi mjini umerundikwa sehemu moja. Tume aliyoiunda Rais Johnson baada ya ghasia za mijini za 1967, ya gavana Otto Kerner, ilisema waziwazi kwamba taasisi za wazungu ndizo zilizounda geto, ndizo zinalitunza na jamii ya wazungu inalikubali. Wengi wa walioandika hayo walikuwa wazungu, vigogo wa serikali na biashara, sio wanaharakati.

Wapo wanaojaribu kurekebisha. Mji wa Evanston, jirani na Chicago, mwaka 2021 ulipitisha mpango wa kuwapa dola 25,000 za nyumba weusi walioishi hapo kati ya 1919 na 1969 pamoja na vizazi vyao, mwanzoni hela ilitoka kwenye kodi ya bangi. Ukilinganisha na lile pengo ni hela ndogo, na wengine wanaupinga kwa nguvu, ila angalau kule wamekubali kuandika kwamba mji wenyewe ulihusika.

Ombi langu, Mhariri, safari nyingine mkichapa habari ya vurugu za Marekani mwandishi aongeze aya moja tu kuhusu huo mtaa ulipakwa rangi gani. Hana haja ya kusafiri, zile ramani za HOLC zimewekwa kwenye intaneti bure, unabonyeza jina la mji zinatokea na fomu zake.

Msomaji wenu wa siku nyingi