Charo, hiyo karatasi umeisoma?

Mwanangu Charo,

Salamu za mamako na za wote hapa. Tu wazima, ila mgongo wangu unaujua. Naandika kwa kalamu kwa sababu nikikupigia simu ni "sawa baba, sawa baba," na kabla sijafika kwenye neno lenyewe umeshakata. Kadzo ataipiga picha barua hii akutumie. Usiisomee kwenye matatu.

Hiyo karatasi ya kazi umeisoma? Siulizi kama umeelezwa. Nauliza kama umeisoma. Kadzo anasema imeandikwa Kirusi na wakala amekufafanulia kwa mdomo: kulinda ghala, mwaka mmoja, malazi bure. Novemba 2025 Serikali yenyewe ilisema huenda Wakenya zaidi ya 200 wameingizwa katika jeshi la Urusi, na kuna walioondoka hapa wakijua wanakwenda kazi za namna hiyo hiyo, wakajikuta Ukraine na bunduki mkononi. Utaniambia wakala wako si kama wa wale. Na wale mawakala wao walikuwa watu wazuri, mpaka siku ya ndege.

Habari za Mekatilili, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, ulizisoma shuleni, sitakurudisha kwa kisa chake cha kuku na vifaranga. Mimi nataka yaliyofuata, ambayo siku ya sherehe hayatajwi sana. Oktoba 1913 walimkamata, wakampeleka Kisii. Agosti 1914 wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Mapigano yalipokwisha, Wagiriama wakatozwa rupia 100,000 na kutakiwa watoe vijana 1,000 wakachukue mizigo. Kwa maana Waingereza walikuwa wameshaanza vita na Wajerumani ng'ambo ya mpaka, na huko mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe. Kilichobaki cha kubebea risasi na unga ni kichwa cha mtu.

Katana, mdogo wake babu yangu, aliondoka wakati huo. Mji wetu ulitakiwa kijana mmoja. Babu alikuwa na mke na mtoto mchanga, basi baba yao akamwita Katana jioni, akamwambia ni kazi ya miezi michache tu, atarudi na rupia. Nyanya yangu alikuwapo. Kila mara alipoisimulia asubuhi ile alitaja jambo moja: kwamba Katana alifika kwenye mwembe, akarudi kuchukua kibuyu chake cha maji alichokisahau, akasimama mlangoni akinywa, hakuketi, akaenda tena. Ndiyo mwisho. Hatujui alifia Rufiji, au Lindi, au Msumbiji. Vita vile viliwakokota watu mpaka Zambia ya leo, Wajerumani wakaweka silaha chini kule Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Waingereza peke yao waliandikisha wachukuzi takriban milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, na wengi hawakuona hata risasi. Ni kuhara damu, malaria, nimonia. Wengine walipewa unga wa mahindi ambao kwao haukuwa chakula cha kila siku, bila muda wala sufuria ya kuupika ukaiva, na matumbo yakawamaliza. Mishahara mingi ya waliokufa haikudaiwa na mtu, maana nani huku Kaloleni angejua inadaiwa kwa nani? Ikabaki serikalini.

Pale Kariokor, Nairobi, unapokula nyama na wenzio ni jina lao. Carrier Corps, yaani kikosi cha wachukuzi, watu wakalisema walivyoweza. Kariakoo ya Dar es Salaam ni hilo hilo. Na ukishuka Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, mmoja wao mchukuzi. Maandishi yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi, yanasema ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Nilisimama pale mwaka ule nilipokuleta chuo. Nilizunguka pande zote. Jina hata moja hakuna. Nchi yako! Katana nchi yake ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kulipuliwa.

Sikukatazi kwenda mbali. Wewe ni fundi wa umeme mwenye cheti, taa za kanisa uliziunganisha mwenyewe na mpaka leo hazijazimika, na Padri bado anakutaja. Lakini una pupa, Charo, na pupa hiyo sijui umeitoa wapi. Ama najua. Ule upande wa mikorosho ulio kando ya barabara nilitia sahihi nikiwa nimesimama, miwani iko nyumbani, nikaona aibu kumwambia mtu mwenye suti asubiri. Kwa hiyo usinione nakuuliza mara mbili mbili.

Na yale maneno niliyokwambia Krismasi, mbele ya wajomba zako, kwamba wenzio wanawaezekea baba zao mabati na wewe unakuja na mkate. Ilikuwa pombe ile ya mnazi. Mamako hakusema nami siku tatu.

Karatasi hiyo ipige picha kila ukurasa, na nyuma pia. Mtafute mtu asiyepata kitu kwako, anayejua Kirusi, akusomee neno kwa neno. Pasipoti usimwachie wakala hata kwa usiku mmoja. Akikwambia nafasi itakwisha kesho, iache iishe. Tena nasema, iache iishe. Pesa ulizompa tutazililia pamoja.

Kadzo anafunga shule Ijumaa, anadaiwa 3,200, nimeongea na mwalimu mkuu amekubali nilipe kidogo kidogo. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu, mamako anamnyonyesha kwa chupa jikoni. Tangi linavuja pale pale ulipoziba.

Mabati yatoe akilini. Nimenunua makuti, mia nne, fundi anaanza Jumamosi.

Babako,
Kahindi