Kabla hujatoa dola 700 za hichi

Wichita, Kansas

Ndugu yangu Baba Salma,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila upepo tu ndio haujui kulala. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, na nimecheka pale unaposema muuzaji wa kampa yako (trela ya kulala ya kuvutwa na pikapu) anataka dola 700 za hichi ya kugawa uzito, yaani kile kiungo cha kuungia trela nyuma ya gari, na shemeji yako anasema huo ni wizi, tia mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma yaishe. Umeniuliza mkweli nani. Safari hii ni muuzaji, ingawa sidhani kama alipiga hesabu yoyote.

Unawakumbuka mahamali wa Kongowea? Mkokoteni ukipakiwa viazi vingi nyuma, mpini unapaa na hamali mwenyewe ananing'inia. Kampa ikikalia boli, lile tufe la chuma la hichi, nyuma kabisa ya ekseli, pikapu inafanya vivyo hivyo: kitako chini, pua juu. Na tairi za mbele ndizo zenye usukani na kazi kubwa ya breki. Chukua pikapu kama hizi zetu. Baina ya ekseli na ekseli ni kama futi 12, na kutoka ekseli ya nyuma hadi boli kama futi 5. Weka ratili (paundi) 700 kwenye boli: mbele panapungua karibu ratili 290, na nyuma panaongezeka 990. Si 700, ni 990! Mifuko ya shemeji itanyanyua kitako gari lionekane limenyooka, lakini zile 290 hazirudi mbele. Hichi ya kugawa uzito ina vyuma viwili virefu vya springi vinavyokazwa kwenye shingo ya kampa, ule mkono wake wa mbele unaokalia boli. Vikikazwa, vinarudisha uzito kwenye tairi za mbele, na mwingine kidogo unakwenda kwenye tairi za kampa yenyewe.

Mimi somo hili nililipata usiku, kwenye barabara kuu ya US 54 kuelekea mji wa Liberal, boli tupu bila vyuma vyovyote. Kila gari lililokuja mbele lilinimulika. Nikawa nawalaani, kumbe pua imepaa na taa zangu za kawaida zinawapiga machoni. Usukani mwepesi, kama umeshika sahani. Lori likitupita, upepo wake unaisukuma kampa, na kampa inatusukuma sisi. Mama Riziki akanyamaza kimya, na unajua yeye akinyamaza maana yake nini.

Sasa usimsikilize shemeji wala mimi. Chukua tochi, lala chini ya bampa, usome stika ya hichi. Yangu ina safu mbili za uzito wa mwisho unaoruhusiwa: kwa boli tupu, trela ya ratili 5,000 na shingo ya ratili 500, kwa hichi ya kugawa uzito, zaidi ya mara mbili ya hapo. Zile ratili 4,900 alizokuandikia muuzaji ni uzito wa kampa tupu. Maji ya galoni 40 peke yake ni ratili 333. Ongeza mitungi ya gesi, betri, masufuria, na lile gunia la mchele ambalo najua halibaki nyumbani, utafika 6,000 bila kujijua. Shingo inatakiwa ibebe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa kampa, yaani ratili 600 hadi 900. Ikiwa stika yako ni kama yangu, umeshapita mpaka, hakuna mjadala. Ungekuwa na katrela ka ratili 2,500, ningekwambia hela hizo kale mishikaki.

Uzito wa shingo unaweza kuupima kwa mizani ya bafuni. Laza ubao wa futi 3, upande mmoja juu ya bomba lililokaa kwenye tofali, upande wa pili juu ya bomba lililokaa kwenye mizani. Shusha shingo kwenye ubao, futi 1 kutoka kwenye tofali, futi 2 kutoka kwenye mizani. Utakachosoma zidisha mara 3. Kampa iwe imepakiwa kama ya safari, tairi zimetiwa vigingi, na ukae sawa isikuangukie mguuni. Ukitaka uhakika zaidi, kwenye vituo vya malori kuna mizani kama ya Mariakani, ila hapa unakwenda kwa hiari yako, na unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli mbali mbali.

Kuna jambo moja watu hawalisemi: hichi haiongezi uwezo wa pikapu. Fungua mlango wa dereva, soma stika ya manjano. Inasema watu na mizigo yote visizidi uzito gani; tuseme ni ratili 1,450. Nyinyi watano ratili 600, shingo 750, hichi yenyewe 80. Zimebaki 20. Jenereta utaitia wapi? Itie ndani ya kampa, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, usiitie mkiani. Kampa yenye mkia mzito inayumba, na hakuna hichi itakayoiponya. Hata vifaa vya kuzuia kuyumba ni msaada tu. Ikianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, ubonyeze breki ya kampa kwa mkono, kwa kile kidude chake kilichopo kwa dereva. Usikanyage breki za gari.

Siku ya kuifunga, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele kabla ya kuunga kampa, kisha ukishaunga, kisha ukishakaza vyuma. Kitabu cha gari langu kinataka nusu ya kilichopanda kirudi. Soma na chako, maana magari mengine yanazikataza kabisa hichi hizi. Wala usikaze kwa hasira mpaka pua ishuke kuliko ilivyokuwa mwanzo. Tairi za nyuma zitakuwa nyepesi, na mvua ya huko Amarillo usiichezee.

Pima Jumamosi, unitumie namba za stika zote mbili na ya shingo. Ikizidi 900, kabla ya kununua chochote tutazungumza kwanza habari ya gunia la mchele.

Mama Riziki anawasalimu, na anaiulizia mbuzi yake ya nazi.

Nduguyo,
Baba Riziki