Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: jumla ya dawa nyekundu iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Tunaomba jambo lisilohitaji mashine mpya. Kila mgonjwa wa saratani anayepewa doksorubisini awe na kadi yenye jumla ya dawa hiyo aliyopata tangu aanze tiba.

Ndiyo ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa huijua kwa rangi ya mkojo wao. Inaiweza saratani, ila misuli ya moyo huhesabu kila dozi, hata ya miaka iliyopita. Jumla ikifika miligramu 400 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, wagonjwa kama 5 katika 100 moyo hushindwa kusukuma damu. Kwenye 550 wanakaribia 26.

Chukua mama wa saratani ya matiti, mwili wake mita mraba 1.6. Dozi moja ni miligramu 96, yaani 60 kwa mita mraba, na dozi nne zinamfikisha 240 kwa mita mraba. Miaka mitatu baadaye saratani inarudi. Kahamia kwa mwanawe Mwanza, faili limebaki Dar. Anapewa nne nyingine: sasa ni 480, na hakuna aliyejumlisha. Miguu ikivimba na usingizi ukawa wa kuegemea mito mitatu, nyumbani wanasema saratani ndiyo inayommaliza, kumbe ni moyo.

La pili ni eko ya moyo, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo unavyosukuma damu: kabla ya dozi ya kwanza, kisha ndani ya miezi 12 baada ya ya mwisho. Wanaotumia trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya matiti inayoweza kudhoofisha moyo, wapimwe kila miezi mitatu. Majibu ya "moyo uko sawa" hayatusaidii, tunataka asilimia ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo. Ikishuka kwa pointi 10 au zaidi na kuwa chini ya 50, daktari wa moyo aitwe siku hiyo, miguu isisubiriwe kuvimba. Dawa za moyo enalapril na kavedilol zikianza mapema, nguvu ya moyo huweza kurudi; zikichelewa miezi, mara nyingi hairudi.

Taasisi ya Saratani Ocean Road na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ziko jiji moja, Dar es Salaam. Mgonjwa wa Kasulu, Kigoma, hana bahati hiyo, kwa hiyo eko ihesabiwe na bima kama sehemu ya tiba ya saratani, na foleni ianze na wazee, wenye presha na waliochomwa mionzi kifua cha kushoto.

Kadi iwe na tarehe, dawa (pia epirubisini, ndugu ya doksorubisini), miligramu, jumla mpaka leo, presha ya siku hiyo. Muuguzi aijaze kabla dawa haijafunguliwa. Na ikae kwa mgonjwa, siyo masijala.

Wako,
Wahudumu wa wagonjwa wa saratani na moyo