Kanga wamerudi, na mitego nayo imerudi

Magu, 22 Juni

Ndugu yangu Masunga,

Mwangaluka! Nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee Ng'wandu, na najua umenitafuta mara mbili. Nisamehe. Huku hatujambo, mguu wa mama Kulwa umepona, mpunga tumeshapura.

Nakuandikia kwa ajili ya kile kishamba. Ulipotoka Marekani ulitusimulia wenye mashamba wa kule wanavyopanda ngano na klova kuanzia Agosti, baridi ikikaribia, ili kulungu wapate malisho. Maneno yale hayakunitoka. Basi mvua zilipokuwa zinaaga nikatenga robo eka kule mbugani, upande wa ghuba, nikatia dengu na kunde, nikaapa sitavuna hata punje. Udongo ule mweusi unajua kutunza maji. Kipupwe chote dengu inasimama bila tone la mvua. Mtama niliuacha makusudi. Kwelea kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na hawaji mmoja. Ningemtazamaje Bujiku, na mtama wake uko hapo hapo?

Masunga, wamekuja! Kwanza kwale, wawili wawili alfajiri, kisha kanga. Asubuhi moja nimehesabu 17, wanapekua chini ya kunde wakiokota wadudu. Tangu tulipoacha kuchunga sijaona kundi kama lile. Nilikaa chini ya mgunga mpaka jua likawa kali.

Jumanne nikamkuta mmoja amenaswa. Waya wa breki ya baiskeli, kigingi kimekitwa katikati ya kunde nilizopanda kwa mkono wangu, bawa limevunjika. Mpaka leo nimetegua mitego sita. Kule Marekani wengi wanapanda wakijua kuna uwindaji mbele, na msimu wake unajulikana. Na huku sheria inataka kibali, lakini hawa ni watoto wa majirani, nimewabeba mgongoni. Mimi nilitaka ndege wale washibe waende zao. Sasa ni kama nimewaalika kwangu, kisha nikawafungia mlango.

Baba mkwe anasema ng'oa zote. Mama Kulwa anasema niwaite vijana, niwaruhusu kuchuma majani ya kunde wakaushe mboga ya nsansa, wao ndio wawe walinzi. Naliona lina akili, ila usiku nikilala namwona yule kanga.

Halafu dengu itakauka mwezi wa nane, na hapo ndipo njaa ya ndege inaanza. Nimesikia fiwi inavumilia ukame kuliko kunde. Huko Morogoro mbegu zake zinapatikana? Kilo mbili zingenitosha, mpe Sitta akija na basi. Au nisipande kitu mpaka mitego iishe? Ungekuwa wewe ungewaita vijana, au ungeanza na wazazi wao? Na utakuja lini uwaone mwenyewe? Njoo kabla ya Agosti.

Wako,
Lubinza