Lile shimo halikuwa ajali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo lililonikaa kifuani tangu shangazi yangu avunjike nyonga hapa Mwanga, Kigoma.

Alikuwa anatoka Kibirizi, saa mbili usiku, ndoo ya dagaa kichwani. Kwenye njia anayoipita miaka yote palikuwa pamechimbwa mtaro wa bomba la maji. Siku ya kwanza mafundi walichomeka tawi la mwembe kuwa alama. Mbuzi wakala majani, na kufikia siku ya tatu kilibaki kijiti ambacho hata mchana ungekipita bila kukiona. Hapakuwa na utepe, ubao wala taa. Shangazi akatumbukia.

Waliokuja kumpa pole karibu wote walisema neno moja: ajali haina kinga. Msimamizi wa mafundi naye alifika na sukari kilo mbili na shilingi 30,000, akasema, "Mama, pole sana, ndiyo mipango ya Mungu." Tulimpokea, tukamshukuru, tukamsindikiza hadi barabarani. Nikikumbuka tulivyomsindikiza naumia mpaka leo, maana mtaro ule ulikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa mbao mbili na utepe.

Mhariri, watu wetu wanajua njia mbili tu mtu akiumizwa: kwenda polisi au kumwachia Mungu. Ya tatu ipo, nayo ni kudai fidia mahakamani kwa sheria ya madhara. Sheria hii humruhusu aliyeumizwa, au aliyeharibiwa mali, kumdai aliyemkosea hata kama hawakuwahi kuandikiana mkataba. Sehemu kubwa tumeirithi kutoka Uingereza, na nyingi yake imo ndani ya hukumu za majaji, ndiyo maana mtu wa kawaida haioni popote.

Kesi inayosimuliwa zaidi ilianza Agosti 1928 katika mji wa Paisley, Uskoti. Mama mmoja, May Donoghue, alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alikwisha kunywa kiasi, rafiki alipomimina iliyobaki, na May akasema ametoka konokono aliyeoza. Mama yule akaugua. Lakini angemdai nani? Soda hakuinunua yeye, na mwenye kiwanda hawakuwahi kuonana. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua, watatu dhidi ya wawili, kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho. Jaji Atkin alianzia kwenye amri tunayoisikia kanisani, ya kumpenda jirani, akaigeuza kuwa kipimo cha sheria: usimdhuru jirani yako, na jirani ni yeyote ambaye ungepaswa kufikiri kwamba utendaji wako, au kuacha kwako kutenda, kutamgusa.

Sasa rudi kwenye mtaro wetu. Anayechimba kando ya njia ya watu hawezi kusema hakujua kwamba watu watapita, tena usiku. Kwa hiyo wajibu alikuwa nao. Mtu makini mwenye kazi kama ile angeziba au angeweka taa. Yeye hakufanya, na huo ndio uzembe. Nyonga ilivunjika kwa sababu ya shimo lile, si kwa kitu kingine. Vyote vitatu vikikutana na madhara yenyewe yakionekana, kuna madai. Wala si fundi mwenye sururu anayepaswa kubeba peke yake: mwajiri hujibu kwa kosa la mfanyakazi wake alilolifanya akiwa kazini. Na wale waliomwambia shangazi kwamba kosa ni lake kwa kutembea bila tochi, wajue kwamba mahakama ikiona naye alichangia, hupunguza fidia kwa kiasi cha mchango wake. Haimfukuzi mikono mitupu.

Yapo pia makosa ya kukusudia, na huku sheria ni kali zaidi. Mtaani kwetu mwenye duka alimfungia kijana stoo tangu asubuhi hadi alasiri akimshuku kwa wizi, kisha sanduku la pesa likaonekana lilipowekwa. Wazazi walifurahi kumpata mzima, wakaishia hapo. Lakini kumnyima mtu uhuru bila haki ni kosa linalodaiwa hata kama hana mchubuko. Kwenye uzembe lazima uonyeshe madhara. Kwenye kumpiga mtu, kumfungia au kuingia kwenye ardhi yake bila ruhusa, kitendo chenyewe kinatosha kufungua madai.

Wengine husubiri kesi ya polisi iishe kwanza. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Jinai, yaani kesi ya polisi, hutaka ushahidi usioacha shaka ya maana, madai hutazama tu upande upi una uzito zaidi, kwa hiyo aliyeachiwa kwenye jinai bado anaweza kudaiwa. Na muda unakwenda. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara, kuanzia haki ya kudai ilipopatikana. Ukitaka kuidai serikali au halmashauri, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Shangazi alipokutana na mtu wa kumweleza haya, alikuwa katika mwaka wa nne. Alitoa kwenye kanga risiti za hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, vyote amevikunja vizuri, akaulizwa tarehe, kisha akarudishiwa.

Ninaomba mambo mawili. Kila mwaka mahakama huadhimisha Wiki ya Sheria, na mwaka hadi mwaka tunasikia habari za mirathi, ndoa na ardhi. Safari ijayo, hapa Kigoma na kwa wenzetu wa Tabora, watenge angalau siku moja ya kusema habari za madhara, tena waje Kibirizi na sokoni Mwanga, siyo viwanja vya mahakama tu. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 nao wabandike ile miaka 3 kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata.

La pili ni kwako, Mhariri. Gazeti lako linapoandika "ajali" kila mtu anapoanguka au kugongwa, muulize mwandishi wako nani aliacha shimo wazi.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma