Barua ya wazi kwa madaktari bingwa mnaofundisha mabingwa wa kesho

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, ila leo nina hasira, na ni juu ya ridhaa ya mgonjwa kabla ya upasuaji.

"Mama, weka dole gumba hapa." Mama yuko kwenye machela, mlango wa thieta uko wazi, uchungu umembana, fomu ya Kiingereza. Chini ya maelezo ya upasuaji pameongezwa kwa kalamu: na kufunga kizazi. Mwenye kalamu yuko mwaka wa pili wa ubingwa, na mtihani wa maadili kaufaulu. Muulizeni utafiti wa Tuskegee, atawatajia Alabama, 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walionyimwa penisilini ilhali ipo. Kanuni za Nuremberg 1947, Azimio la Helsinki 1964, miongozo ya utafiti kwa binadamu, yote anayo kichwani. Machela iliyo mbele yake haioni.

Msimlaumu peke yake. Ridhaa mlimfundisha ukumbini kwa slaidi, kisha usiku mkamtuma "kachukue sahihi". Sahihi! Hiyo kauli moja imefuta slaidi zote.

Ridhaa hufundishwa kitandani. Mpeni mwanafunzi wenu mgonjwa wa orodha ya upasuaji ya kesho, jioni, kabla mgonjwa hajachomwa pethidini, dawa ya maumivu inayolevya. Avute kiti, maana daktari akisimama mgonjwa huitikia tu ili amalize. Aeleze kwa Kiswahili cha nyumbani: ugonjwa ni nini, tutafanya nini, nani atashika kisu (kama ni yeye anayejifunza, aseme), faida, hatari, njia nyingine zilizopo, na itakuwaje tusipofanya lolote. Halafu asiulize "umeelewa?" Nani kwetu humjibu daktari "sijaelewa"? Aulize hivi: "Mama, dada yako akija akakuuliza kesho unafanyiwa nini, utamwambiaje?" Mama akikosea, kosa ni la aliyeeleza, aanze upya. Wewe mwalimu kaa nyuma, kimya, dakika 15. Kumsahihisha ni baadaye, koridoni.

Kufunga kizazi huzungumzwa kliniki ya wajawazito, wiki kadhaa kabla, na huulizwa tena siku yenyewe. Mume ashirikishwe mke akitaka. Tumezoea kumsaka mume kwa simu kutwa nzima na mwenye tumbo kalala hapo anatutazama. Tabia hiyo jamii inayo, lakini hospitalini tumeipa na mstari wa kusainia. Asiyejitambua, hana ndugu, na hali haisubiri: okoeni kwanza, andikeni sababu na saa kwenye faili.

Mengine mnayajua: picha za wagonjwa kwenye makundi ya WhatsApp, zawadi za wauza dawa, kuiambia familia ukweli mkono ulipoteleza.

Vijana wenyewe wamechoka, nawaonea huruma. Wengine wanatoka zamu ya usiku na kuingia raundi bila hata chai. Lakini anayewakimbiza ni nani kama si ninyi na orodha zenu? Orodha ya Jumanne ikiwa na wagonjwa wanane, na mmoja hajaelezwa akaelewa, mtoeni huyo mpaka Alhamisi, kama hali yake inaruhusu, na mkuu wa idara aambiwe sababu kwa maandishi.

Mzee wenu