Ninakaribia kustaafu na ninataka kuhamia ziwani: nichague mashua ya aina gani?

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Buswelu, Mwanza. Mimi ni mpima ardhi, na mwakani nitatimiza umri wa miaka 60 wa kustaafu kwa lazima; mke wangu, aliyekuwa muuguzi, amekwisha kunitangulia kustaafu. Tumekubaliana kwamba nyumba yetu tutaipangisha, nasi tutahamia kwenye mashua ya matanga yenye mahali pa kulala na kupikia, tuishi humo sehemu kubwa ya mwaka tukizunguka Ziwa Victoria kati ya Mwanza na visiwa vya Ukerewe, Kome na Maisome, na Mungu akipenda tufike hata Bukoba. Watoto wanaona kwamba tumechanganyikiwa. Hilo tutalimaliza kifamilia, na sikuandika barua hii kuomba usuluhishi. Ninachoomba ni ushauri juu ya chombo chenyewe, kwa maana kati yetu wawili hakuna aliyewahi kushika kamba ya tanga, na fedha ya mkupuo ya mafao mtu hulipwa mara moja tu.

Katika kuulizia kwetu tumebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni mashua ya faiba ya futi 34 iliyoundwa Uingereza mwaka 1979, ambayo hivi sasa imetia nanga Tanga, na mwenyewe, mgeni aliyechoshwa na bahari, anaiuza kwa bei tunayoimudu. Ina injini ya dizeli ndani, mlingoti wa aluminiamu, na mkuku, yaani ule uti wa chini wa chombo, unaoshuka karibu mita 1.8 chini ya maji. Katika uzito wake wa tani sita, tani mbili ni madini mazito ya risasi yaliyowekwa ndani ya mkuku huo. Njia ya pili ni kuundiwa chombo cha mbao na mafundi wa Ukerewe ambao kila siku huunda mitumbwi mikubwa ya dagaa. Fundi tuliyezungumza naye yuko tayari kutuundia chombo cha futi 36, kipana, chenye kibanda na mlingoti, ambacho kitahitaji maji yasiyofika hata mita moja na kitaweza kupandishwa ufukweni popote penye mchanga na watu wa kusukuma.

Ya Tanga haiwezi kuja kwa maji, kwa sababu ziwa letu halina mlango wa kuingia kutoka baharini. Nile inatokea Jinja, lakini ina mabwawa na maporomoko mengi ambayo mashua haiwezi kuyapita. Kwa hiyo itabidi ing'olewe mlingoti, ipandishwe kwenye lori na isafirishwe zaidi ya kilometa elfu moja, tena kwa kibali maalumu, kwa kuwa upana wake unazidi mita tatu. Gharama hiyo tumeipigia hesabu na inabebeka. Safari hiyo ya barabarani ndiyo iliyotufanya tuache kabisa kufikiria zile mashua za matumbo mawili yaliyounganishwa sambamba, ambazo mke wangu alizipenda kwa nafasi yake: chombo cha upana wa mita sita hakipiti barabarani kwa urahisi.

Kinachonitatiza hasa ni mkuku. Usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati, juu ya maji yenye joto, na ndiyo maana dhoruba zetu kali za radi hutokea zaidi kati ya usiku wa manane na alfajiri, wakati ambapo mtu anayeishi ndani ya mashua amelala. Ziwa lenyewe si la kina kirefu, kwani mahali penye kina kikubwa kabisa ni mita 80 hivi, kwa hiyo mawimbi yake huwa mafupi na yenye kusimama wima. Nimeelezwa kwamba mashua yenye risasi chini, hata ikilazwa na upepo hadi tanga liguse maji, hujiinua yenyewe mradi milango yake imefungwa, ilhali chombo cha mbao kipana kisicho na uzito chini hukaa imara sana kwa muda, na kikishavuka kiwango fulani hupinduka na kubaki kimepinduka. Mtu wa Mwanza haambiwi mara mbili maana ya chombo kupinduka. Tunaikumbuka MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, ingawa najua kwamba hivyo vilikuwa vyombo vya abiria na mambo yake yalikuwa tofauti.

Kwa hoja hiyo peke yake ningekwisha kununua ile ya Tanga. Lakini mkuku huo huo wa mita 1.8 utapita kwenye ziwa la mawe. Majabali tunayoyaona juu ya maji pale Mwanza ni sehemu ndogo tu. Mengine yako chini, na maji yalipopanda sana mwaka 2020 na tena mwaka 2024, mawe ambayo wavuvi walizoea kuyaona yalizama futi chache tu, yaani kina kile kile ambacho mkuku mrefu huyagonga. Kuna na nyavu. Mkuku mwembamba unaoning'inia, wenye rafadha (pangaboi la kusukuma chombo) iliyo wazi nyuma yake, hunasa kila wavu unaoelea karibu na juu, na mvuvi ambaye wavu wake umekatwa na mstaafu anayetembea kwa starehe ana haki ya kukasirika. Magugu maji nayo huziba mdomo unaovuta maji ya kupoza injini. Mtumbwi wa fundi wetu, wenye injini ya kupachika ambayo unaiinua ukaisafisha kwa mkono, hausumbuliwi sana na shida hizi.

Nimesoma kwamba zipo mashua za faiba zenye mikuku miwili mifupi, mmoja kila upande, ambazo huhitaji maji ya mita moja hivi na hukaa wima zenyewe zikiachwa ufukweni, ingawa haziendi vizuri sana kuukabili upepo. Je, kwa mtu asiyejua kitu kama mimi, hiyo ndiyo ya kusubiri, hata kama itachukua mwaka mwingine kuipata katika pwani ya Afrika Mashariki?

Radi ni suala jingine. Mlingoti wa mita 13 katikati ya maji ndio kitu kirefu kuliko vyote, na maji baridi hupitisha umeme vibaya kuliko ya chumvi, kwa hiyo radi ikipiga hutafuta njia nyingine ya kutokea, wakati mwingine kupitia ubavu wa mashua. Ningependa kujua kama waya mnene wa shaba kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye mkuku unatosha huku kwetu, au panatakiwa bamba kubwa la shaba chini ya maji. Urefu huo pia unanifanya niulize kama tutafute mlingoti wa kulazwa, kwa kuwa tunataka kuingia ndani ya Ghuba ya Mwanza na sasa tunapaswa kupita chini ya daraja la Kigongo–Busisi.

Kuhusu maji baridi, muuzaji anasisitiza kwamba mashua yake itastarehe, kwa sababu huku hakuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wala wale magamba wanaoganda chini ya chombo. Ni kweli, lakini hakusema kwamba maji baridi hupenya kwenye faiba ya zamani na kuitoa malengelenge upesi kuliko maji ya chumvi, wala kwamba vile vipande vya zinki vya kukinga chuma kisiliwe itabidi vibadilishwe viwekwe vya magnesi. Muuzaji ni muuzaji. Nitampata mkaguzi asiyehusika naye, agonge ubavu wote kwa nyundo ndogo kabla sijatoa hata senti.

Mke wangu ana masharti yake. Nilichora chombo cha Tanga kwa chaki uani kwetu kwa vipimo vyake kamili, yeye akaingia na sufuria, akajifanya anapika ugali huku mimi nikipita nyuma yake kwenda kitandani. Tuligongana kila nilipopita. Anataka kusimama wima akiwa jikoni, anataka choo chenye tangi badala ya kumwaga ziwani, kwani amehudumia wagonjwa wengi wa kichocho, na hataki mtungi wa gesi ndani, kwa hoja ambayo sikuweza kuijibu: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja itajikusanya kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na haina pa kutokea. Fundi wa Ukerewe anasema hayo yote anaweza kuyatimiza kwa kuinua kibanda. Mimi nahofia kwamba kila sentimita anayoinua inaongeza mzigo wa juu kwenye chombo ambacho chini hakina kitu. Je, mawe au risasi zikipangwa na kufungwa imara ndani ya mtumbwi wa namna hiyo vinasaidia kweli, au ni kujifariji?

Muuzaji wa Tanga amekubali kutusubiri hadi mwisho wa Machi, na fundi anataka malipo ya mbao kabla ya hapo. Nitashukuru zaidi nikijibiwa na mtu aliyewahi kulala ndani ya chombo cha matanga kwenye ziwa hili wakati wa masika, atueleze kilikuwa na mkuku wa aina gani na usiku wa dhoruba alijificha wapi.

Wako,
Mstaafu mtarajiwa,
Buswelu, Mwanza